Mbwa Watatu Bila Kengele

Fatuma: Haloo? Hii namba imenibipa mara tatu. Ni nani?

Sumaili: Yaya Fatuma. Ni mimi.

Fatuma: Mimi nani? Rezo ya simu inakwaruza.

Sumaili: Sumaili, mudogo wako. Niko na telefoni ya Glody. Yangu batri ilikufa.

Fatuma: Ah. Salamu aleikum.

Sumaili: Aleikum salamu, yaya. Muko salama huko Kasongo?

Fatuma: Tuko. Na nyie huko Kabambare?

Sumaili: Tuko tu. Kazi inaenda?

Fatuma: Niko kazini sasa hivi. Niko na wamama wawili wa kuzaa, mukunga ni mimi peke yangu na mwanafunzi moja. Umenibipa mara tatu, Sumaili. Sema.

Sumaili: Ndiyo. Leo tulipanda mulima. Tangu asubuhi.

Fatuma: Na nani?

Sumaili: Mimi na Glody. Na mbwa za baba, zote tatu.

Fatuma: Jana nilikuambia muende watu kumi.

Sumaili: Walikataa. Unajua mambo ya wale watu wa bunduki. Juma iliyopita walikamata wanaume wawili kule kule juu. Nilipita nyumba kwa nyumba, kila mutu akasema iko na mugonjwa. Kijiji kizima wagonjwa. Glody tu ndiye alichukua panga akanifuata.

Fatuma: Haya. Na?

Sumaili: Asubuhi kulikuwa wingu. Wingu ya kushuka mpaka kwa miguu, yaya. Glody alikuwa mbele yangu hatua tatu na sikuwa namuona. Halafu jua likatoka, tukaona mpaka kule mutoni, mpaka mashamba ya mihogo ya watu. Dakika kumi hivi, kisha—

Fatuma: Sumaili.

Sumaili: —kisha wingu tena, na manyunyu, na Watasema akaanza kuvuta kamba, unamujua ile mbwa—

Fatuma: Sumaili. Mulimupata baba?

Sumaili: (kimya)

Fatuma: Haloo?

Sumaili: Tulimupata.

Fatuma: Ehe.

Sumaili: Tulimurudisha nyumbani. Iko mu chumba chake.

Fatuma: Iko anapumua?

Sumaili: Hapana, yaya.

Fatuma: (kimya)

Sumaili: Yaya?

Fatuma: Niko. Ngoja. (mbali na simu) Carine, angalia yule wa kitanda cha pili. Mwambie asisukume kwanza. Asisukume, nakuja. (karibu) Endelea.

Sumaili: Sijui niendelee wapi.

Fatuma: Mama anajua?

Sumaili: Anajua. Iko ndani na wamama wenzake. Halii. Anakunja mashuka, anakunjua, anakunja tena.

Fatuma: Na wewe?

Sumaili: Mimi nilikula bugali.

Fatuma: Nini?

Sumaili: Tulipofika, mutu aliniwekea sahani mbele. Nikala yote. Sijui hata ilikuwa na mboga gani. Watu walikuwa wananiangalia.

Fatuma: Acha wakuangalie. Ulitembea siku muzima.

Sumaili: Sijalia, yaya. Naona kama iko mambo ya mutu mwengine.

Fatuma: Mimi pia. Nasikia mikono baridi, ni hiyo tu. Mulimupata wapi?

Sumaili: Mu shimo. Unakumbuka wale wachimbaji wa kutoka Salamabila, walikuja kutafuta dhahabu juu ya mulima, wakakosa, wakaenda zao?

Fatuma: Nakumbuka.

Sumaili: Mashimo waliyaacha wazi. Nyasi zikafunika. Baba alikuwa anaenda kuangalia mitego tu, ndiyo sababu mbwa aliziacha nyumbani. Shimo ni urefu wa watu wawili.

Fatuma: Alivunjika?

Sumaili: Muguu wa kuume. Chini ya goti.

Fatuma: Mufupa ulitoka inje?

Sumaili: Hapana. Ulivimba tu.

Fatuma: Maji yalikuwa mule ndani?

Sumaili: Yalikuwa. Mpaka hapa.

Fatuma: Mimi sikuoni, Sumaili. Hapa wapi?

Sumaili: Kifuani. Tulimukuta ameegemea ukuta wa udongo, kama mutu anapumuzika.

Fatuma: Ile maji ni ya lini?

Sumaili: Ya leo. Saa sita mvua ilipiga, yaya, mvua ya kweli, karibu saa nzima. Njia ilikuwa muto. Sisi tulijificha chini ya jiwe na mbwa, tukabanana, zilikuwa zinatetemeka. Kisha jua likatoka tena, kali, udongo ukaanza kutoa mvuke. Leo hali ya hewa ilikuwa inacheza na sisi.

Fatuma: Ehe.

Sumaili: Mama nilimwambia alikufa usiku wa kwanza. Juzi, siku ile ile alianguka. Nilisema aligonga kichwa, hakuteseka.

Fatuma: Vizuri.

Sumaili: Na wewe ujue vile vile.

Fatuma: Mukono wake ulikuwa namna gani?

Sumaili: Mukono?

Fatuma: Wakati mulimutoa. Ulikuwa mugumu ao ulikuwa unakunjika?

Sumaili: Yaya, hayo maswali—

Fatuma: Ni kazi yangu. Jibu.

Sumaili: Alikuwa anashika panga. Nilifungua vidole vyake.

Fatuma: Vilifunguka?

Sumaili: Vilifunguka.

Fatuma: Bila nguvu?

Sumaili: Bila nguvu.

Fatuma: Saa ngapi hiyo?

Sumaili: Saa nane.

Fatuma: Ulimushika kwapani kumupandisha?

Sumaili: Ndiyo. Glody alimufunga kamba, mimi nilikuwa chini, nasukuma.

Fatuma: Kwapani kulikuwa baridi?

Sumaili: Nguo zake zilikuwa maji tupu—

Fatuma: Sikuulizi nguo.

Sumaili: Haikuwa baridi sana.

Fatuma: Basi ile ya usiku wa kwanza mwambie mama. Mimi usiniambie.

Sumaili: Ndiyo, yaya.

Fatuma: Baba alikufa leo.

Sumaili: Leo.

Fatuma: Siku mbili mu shimo, usiku mbili, na muguu umevunjika. Na akafa leo mchana, na baridi ya ile maji, wakati nyie muko chini ya jiwe.

Sumaili: Nasikia.

Fatuma: Nani aliyemuona wa kwanza?

Sumaili: Watasema. Aliruka ndani kabla ya sisi. Tulipofika alikuwa anamulamba uso. Mwalimu wa musikiti alisikia hiyo, akasema lazima uso uoshwe mara saba, na mara moja ni kwa udongo, ndipo josho lianze.

Fatuma: Baba angecheka.

Sumaili: Angecheka. Unakumbuka vile alikuwa ananawa? Akitoka kwa mbwa anahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, mpaka jirani wasikie.

Fatuma: Ili waseme anawapenda mbwa na anaipenda sala. Na ile jina Watasema ni juu yao.

Sumaili: Walisema kweli.

Fatuma: Walisema. Sumaili, asubuhi mulipanda kwa njia gani?

Sumaili: Njia ya mitego.

Fatuma: Ile shimo iko wapi na njia ya mitego?

Sumaili: Pembeni.

Fatuma: Pembeni mbali?

Sumaili: Hatua makumi tatu. Makumi ine.

Fatuma: Basi mulipita pale.

Sumaili: Tulipita.

Fatuma: Na mbwa tatu. Baba alikuwa anajua kengele ya kila mbwa. Anakaa nyumbani anakula karanga, anakuambia, ile kengele ni ya Jirani, anashuka mutoni, ile ni Watasema ameona simbiliki, ile panya kubwa ya pori. Alizichonga yeye mwenyewe zile kengele. Mbwa zetu hazibweki, lakini kengele ya muti inasikika mpaka ng'ambo.

Sumaili: Najua, yaya.

Fatuma: Basi alisikia. Alikuwa hai, alisikia, angeita. Juu ya nini hakuita?

Sumaili: Hakusikia.

Fatuma: Hatua makumi tatu?

Sumaili: Tulizijaza majani.

Fatuma: Kengele?

Sumaili: Zote tatu. Kule chini, kabla ya kupanda. Vile baba alitufundisha, majani mabichi, unayasukuma mpaka ule ulimi wa ndani usicheze. Unakwenda kimya mpaka kwa pori la kuwindia, ndipo unatoa.

Fatuma: Hiyo ni ya kuwinda, Sumaili. Ni nyama ndiyo isisikie. Nyie mulikuwa munatafuta mutu.

Sumaili: Ni mimi nilisema. Glody aliuliza, akasema, sasa mzee atatusikia namna gani? Nikamwambia, tukiliza kengele mule, wale wa bunduki watatusikia wa kwanza. Nikasema tutafungua huko juu, tukiona hakuna mutu. Mimi ndiye nilijaza. Kwa mikono yangu.

Fatuma: Nakusikiliza.

Sumaili: Kuna ingine.

Fatuma: Sema ingine.

Sumaili: Tulipofika pale, wingu ilikuwa imefunga. Tukasikia mutu anagonga. Ko. Ko. Ko. Chuma kwa jiwe. Chini, kama inatoka ndani ya udongo.

Fatuma: Panga.

Sumaili: Sisi tukasema, ni wachimbaji wamerudi, na wale wa kuwalinda na bunduki wako karibu. Kule juu, mutu akigonga jiwe, ni nani mwengine? Kila mutu wa huku angesema vile. Tukalala chini mu nyasi.

Fatuma: Na mbwa?

Sumaili: Jirani na ile ndogo zilitulia. Watasema alikataa. Alikuwa anavuta, anavuta, anataka kwenda kule. Akaanza kulia na pua. Nikamushika mudomo kwa mikono miwili. Nikamubana chini na goti. Alikuwa ananiangalia, yaya.

Fatuma: Ehe.

Sumaili: Halafu kule kugonga kukakatika.

Fatuma: Kukakatika juu ya nini?

Sumaili: Sijui.

Fatuma: Unajua. Alisikia miguu. Alisikia watu wanatembea na hakuna kengele. Akasema ni wale wa bunduki. Akanyamaza.

Sumaili: Ndiyo.

Fatuma: Mulimuogopa, na yeye aliwaogopa.

Sumaili: Tulikaa vile dakika ishirini. Kimya kote. Wingu ikafunguka kidogo upande ule mwengine, Glody akanifanyia ishara, tukatambaa, tukaenda zetu mpaka juu. Mchana, mvua ilipoisha, jua likaangaza kila kitu, tukaangalia bonde lote. Hakuna mutu. Hakuna moshi. Glody akaanza kutoa majani mu kengele, hata hakuniuliza. Alipomaliza ya Watasema, mbwa ikakata mbio kushuka. Moja kwa moja. Nilijua nikiwa bado nakimbia.

Fatuma: Carine! (mbali na simu) Ngoja kidogo tu, nakuja, mushike mukono. (karibu) Glody atasema kwa watu?

Sumaili: Hapana. Iko inje na mbwa, hataki hata kuingia. Tangu pale hatujaangaliana.

Fatuma: Na kwa mama uliuma meno, ukasema usiku wa kwanza.

Sumaili: Nilipoona uso wake, mudomo ulisema wenyewe.

Fatuma: Acha ibaki vile.

Sumaili: Na wewe?

Fatuma: Mimi nini?

Sumaili: Nitukane.

Fatuma: Siko na matusi. Naangalia ukuta. Iko rangi ya kijani, waliipaka mwezi uliopita, wakaacha kona moja. Ndiyo kitu naona. Labda kesho nitakutukana.

Sumaili: Kesho unakuja?

Fatuma: Nitakuja namna gani? Daraja lile la huku limekatika tangu juma pili. Motari wa pikipiki anazunguka, siku mbili na hii mvua. Wanazika lini?

Sumaili: Mwalimu alitaka leo kabla ya jua kuzama. Baba mudogo Ismaël alikataa, akasema wewe ndiye wa kwanza kuzaliwa, lazima useme. Ndiyo sababu nilibipa.

Fatuma: Kesho asubuhi. Musiningoje. Amelala mu shimo siku mbili, asilale tena kungoja mimi.

Sumaili: Nitamwambia.

Fatuma: Mama aangaliwe. Asinywe maji matupu tu, mumupatie uji. Ule mushipa wa kichwa chake unaomuuma, muangalie.

Sumaili: Ndiyo.

Fatuma: Na ile muguu wa baba muunyooshe kabla ya sanda. Pole pole. Muweke kijiti pande zote mbili, mufunge.

Sumaili: Yaya, hataumia tena.

Fatuma: Najua hataumia. Munyooshe.

Sumaili: Tutanyoosha.

Fatuma: Simu inaniambia unite za kupiga zinaisha. Niko na dakika moja hivi. Kuna nini tena?

Sumaili: Baba mudogo anauliza nani atashuka mu kaburi kumupokea. Yeye mugongo unamuuma. Wanaume wawili wa jamaa, ya tatu ni mutoto wa baba.

Fatuma: Mutoto wake ni wewe. Hakuna mwengine.

Sumaili: Nilimwambia goti linaniuma.

Fatuma: Linakuuma?

Sumaili: Hapana.

Fatuma: Sumaili.

Sumaili: Siwezi kushuka mule, yaya. Nilishuka leo mara moja. Ashuke Glody, ashuke mutu yeyote—

Fatuma: Utashuka wewe.

Sumaili: Nikimushika watu wataona. Iko mu mikono yangu, wataona.

Fatuma: Hakuna mutu atakayeona. Utashuka, utamupokea kwa mikono ile ile, hauna ingine. Utamulalisha upande wa kuume, utaweka udongo chini ya shavu. Ile ndiyo kazi yako, na mimi siwezi kuifanya, ni mwanamuke na niko Kasongo. Unasikia?

Sumaili: Nasikia.

Fatuma: Mimi sijui kama nimekusamehe. Usiniulize leo. Lakini baba asipokelewe na mutu wa pembeni kama vile hakuwa na mutoto. Sumaili, inakata. Niambie utashuka.

Sumaili: Yaya—

Fatuma: Sema tu, niende, yule mama anasukuma.

Sumaili: Nitashuka.

Fatuma: Sikusikia, rezo ina—

Sumaili: Nitashuka, yaya. Nitashuka mimi. Umesikia? Yaya? Haloo?